Watu Wanne Nukta Tatu

Tuchore nyumba ya tofali za kuchoma huko Kakonko, mkoani Kigoma, jioni, mlango wazi. Mkekani wamekaa baba, mama na watoto wawili, katikati pana sinia la ugali wa muhogo na bakuli la maharage. Karibu na mlango yuko wa tano: mkono mmoja, bega na kipande cha uso, basi. Mkono wenyewe umeshamega tonge. Mama anamkazia macho: "Na wewe nani?" Naye anajibu kwa adabu: "Shikamoo, mama. Mimi ndiye Nukta Tatu."

Mgeni huyo ametoka kwenye karatasi za Serikali. Sensa ya tarehe 23 Agosti 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini Tanzania, na wastani wa ukubwa wa kaya ukawa watu 4.3. Kaya ya watu wanne nukta tatu haipo Kakonko wala kwingineko. Mwalimu wa hisabati analijua hilo, ila kitabu cha kiada hulipita kimyakimya: jumlisha, gawanya, pigia jibu mstari. Mchoraji hawezi kulipita. Kalamu ikishagusa karatasi, lazima aamue kama hiyo nukta tatu ina miguu au haina.

Ufundi huu una wazee wake. Mwaka 1954 Darrell Huff, mwandishi wa magazeti wa Marekani, alitoa How to Lie with Statistics, kitabu chembamba chenye vibonzo vya Irving Geis, kinachoonyesha jinsi grafu inavyoweza kumpotosha mtu bila kusema uongo hata mmoja. Mwaka 1993 wakaja Larry Gonick na Woollcott Smith na The Cartoon Guide to Statistics. Huko Japani, mwaka 2004, Shin Takahashi aliandika kitabu cha vibonzo chenye msichana anayetaka kusomeshwa takwimu kwa sababu tu amempenda kijana anayefanya kazi na baba yake. Sababu dhaifu, lakini mpaka ukurasa wa mwisho anakuwa ameelewa.

Huff si mtakatifu wa habari hii. Mwaka 1965 alisimama mbele ya Bunge la Marekani akitilia shaka takwimu zinazohusisha sigara na maradhi, na kampuni za tumbaku zilikuwa zikimlipa. Aliyewafundisha watu kuicheka namba mbovu alikodishwa aicheke namba nzuri. Kwa wilaya zinazolima tumbaku kama Kibondo na Kasulu, kisa hicho kingestahili kibonzo chake.

Tanzania nayo haikukosa wachoraji. Chakubanga wa Christian Gregory aliwachekesha wasomaji wa gazeti la Uhuru, jarida la Sani likawaleta Lodi Lofa na Ndumilakuwili, na James Gayo akamleta Kingo. Aliyekosekana ni Chakubanga wa takwimu. Mtoto wa Kakonko hukutana na takwimu kwa picha akiwa shule ya msingi, kwa Kiswahili, chungwa moja likisimama badala ya machungwa kumi. Akifika sekondari somo linahamia kwenye Kiingereza, na utani unabaki nyuma. Ni vigumu kucheka huku unapekua kamusi.

Hata hivyo Nukta Tatu hakuja kwa ajili ya mtihani tu. Kuna swali la dini analolibeba begani: mtu akishaingizwa kwenye wastani, anabaki mtu? Biblia ina kisa cha Mfalme Daudi kuwahesabu watu wake, na imekisimulia mara mbili kwa namna ya kushangaza. Kwenye Samweli wa Pili sura ya 24, Mungu ndiye aliyemchochea Daudi akahesabu. Kwenye Mambo ya Nyakati ya Kwanza sura ya 21, aliyemchochea ni Shetani. Kotekote watu 70,000 wakafa kwa tauni. Wafafanuzi wameliandikia sana jambo hilo. Msomaji wa kawaida huondoka na wazo moja, kwamba anayehesabu watu anagusa kitu kisicho chake. Mashaka kuhusu kuhesabu watu hayakuishia Yerusalemu. Mwaka 2012 wapo Waislamu wa Tanzania waliogoma kuhesabiwa kwa kuwa dodoso la sensa halikuwa na kipengele cha dini. Hao hawakuogopa kuhesabiwa; walichokataa ni kuhesabiwa huku wakipunguziwa sehemu yao iliyo muhimu kuliko zote. Walikataa, kwa maneno mengine, kuwa nukta tatu.

Swali linakuwa zito zaidi mvua zinapoanza. Nyanda za juu za Kigoma, kutoka Kasulu kupitia Kibondo hadi Kakonko, zinajua radi. Magharibi yake, ng'ambo ya Burundi, kuna Kabare ya Kivu Kusini, ambayo vipimo vya setilaiti vya NASA vilivyochapishwa mwaka 2016 viliiweka nafasi ya pili duniani, radi zaidi ya 200 kwa mwaka katika kila kilometa moja ya mraba. Ya kwanza ni Ziwa Maracaibo la Venezuela.

Hapo mchoraji anamleta mpiga ramli. Kisanduku cha kwanza: "Naona radi. Itashuka kijijini hapa kabla ya Pasaka." Watu wameshika vichwa. Kisanduku cha pili: kijiji cha jirani, ramli ileile, bei ileile. Cha tatu: kijiji cha tatu, mzee amechoka, sasa anasoma kwenye daftari. Cha nne: mtoto wa darasa la tano amenyoosha kidole. "Shikamoo, babu. Kuna kijiji ulichokikosea?" Somo zima la kupima utabiri kwa kulinganisha na mambo yanavyotokea siku zote limeingia katika visanduku vinne, na hakuna fomula iliyotajwa.

Lakini mtoto huyo asijivune mapema. Mwaka 1937 mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard aliandika kuhusu Wazande, ambao ghala la nafaka likiwaangukia watu waliojipumzisha chini yake, wanajua wazi kwamba mchwa wamekula nguzo. Wanachouliza ni kwa nini liliwaangukia hawa, saa hii. Takwimu inaweza kusema ni maghala mangapi huanguka kwa mwaka, kisha inanyamaza. Wanaojulikana mkoani Kigoma kama kamchape, waganga wanaopita vijijini wakidai kufichua wachawi, wanauza jibu la swali lile la pili, na wateja wao hawatapungua kwa kusomewa idadi ya radi. Jina Bizimana, linalosikika sana Burundi na kueleweka bila shida upande huu wa mpaka, lina maana kwamba ajuaye ni Mungu. Mtakwimu mwaminifu angeweza kulitia sahihi: kuhusu elfu moja ana la kusema, kuhusu huyu mmoja hana.

Yupo aliyejaribu kusema zaidi ya hapo, naye, ajabu, alikuwa mchekeshaji. John Arbuthnot, Mskoti, tabibu wa Malkia Anne na rafiki wa Jonathan Swift, ndiye aliyembuni John Bull, yule mtu mnene anayechorwa kuiwakilisha Uingereza hadi leo. Mwaka 1710 alizikusanya kumbukumbu za ubatizo za London za miaka 82. Kila mwaka, bila kukosa, wavulana walizidi wasichana. Ingekuwa ni kurusha sarafu, nafasi ya upande mmoja kushinda mara 82 mfululizo ni moja kati ya namba yenye tarakimu 25. Arbuthnot akaamua kwamba huo ni mkono wa Mungu, anayeongeza wavulana kwa kuwa wanaume hufa zaidi. Mwanahisabati Nicolaus Bernoulli akamjibu kwamba dadu ya nyuso 35, 18 za kiume na 17 za kike, ingeleta matokeo hayohayo yenyewe. Abraham de Moivre naye akarudi kwenye dadu hiyo: ikiwa imechongwa hivyo, mchongaji wake hajaondoka. Arbuthnot hakukichora kisa hiki. Hasara kubwa.

Dadu yenyewe ni tatizo darasani. Vitabu hupenda kufundisha uwezekano kwa dadu na karata, wakati Qur'ani imekataza kamari katika Sura al-Maida aya ya 90, na walokole wengi hawataki kuona karata ndani ya nyumba. Maharage yanatosha: mekundu na ya njano ndani ya kiroba kimoja, mtoto afumbe macho na kuchota. Ila kamari haikusubiri ruhusa ya mwalimu, imeshaingia kwenye simu na imejipa jina la nyumbani, mkeka.

Kwa hiyo kibonzo cha mwisho kinamhusu kijana aliyekalia mkeka wa ukindu, mechi kumi zimesukwa humo. Ana imani ya saba kwa kumi na kila mechi. Pembeni pameandikwa hesabu ndogo: 0.7 ikizidishwa yenyewe mara kumi ni kama 0.028, yaani mikeka mia ya namna hiyo, inayosalimika haifiki mitatu. Kijana hasomi pembeni. "Mungu akipenda, leo natoboa." Katika kisanduku kinachofuata kilichotoboka ni mkeka. Amezama mpaka kwapani, simu juu, na Nukta Tatu amemshika kwa mkono wake mmoja, anamvuta.