Besi ikinyamaza

Siku tano za juma mimi ni mhamasishaji wa vijana hapa Bujumbura. Ijumaa na Jumamosi usiku ninapiga besi katika bendi ya watu sita, ndani ya kabare moja ya mtaa wa Bwiza. Mama yangu, anayeishi kambi ya Bwagiriza kule Ruyigi, haipendi kazi hii ya usiku. Anasema pesa ya walevi haina baraka. Hilo ni swali lake, siku ingine nitalijibu. Leo nataka kuandika juu ya swali lingine ambalo lilinikamata na mpaka sasa halijaniachia: mtu ambaye kazi yake inaonekana siku anapoiacha tu, je, ana haki ya kuiacha ghafla?

Kwanza nieleze besi, maana wengi mnaicheza bila kuijua. Gitaa la besi lina nyuzi nne: mi, la, re, sol. Nyuzi zake ni nene kuliko za solo, na sauti yake iko chini. Ile mi ya mwisho inatikisika karibu mara 41 kwa sekunde moja, na wimbi lake hewani lina urefu wa zaidi ya mita 8. Ndiyo maana ukiwa umelala nyumba ya tatu kutoka kabare, maneno ya mwimbaji huyapati, solo huipati, lakini besi inagonga ukuta mpaka kitandani kwako. Ukiwa ndani mambo yanageuka. Sikio la mtu linakamata vizuri zaidi sauti za katikati na za juu. Basi watu wanamwangalia mwimbaji, wanapiga kelele solo ikiingia kwenye sebene. Besi wanaisikia kwa miguu, na miguu haipigi makofi.

Warundi walilijua jambo hili kabla ya gitaa kufika hapa. Katika zile ngoma zao, ambazo UNESCO iliziandika kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2014, macho yote yanakwenda kwa yule anayeruka mbele ya inkiranya, ngoma ya katikati. Lakini ziko amashakwe, zinazoshika pigo lile lile bila kuchoka. Mgeni akirudi kwao anasimulia juu ya mrukaji. Sijamsikia hata mmoja anayesimulia juu ya mpigaji wa amashakwe.

Na sisi Wakongomani ni hivyo hivyo. Rumba yetu iliingia UNESCO mwezi wa Desemba 2021, tukafurahi wote. Kila mtu analijua jina la Kabasele na ule wimbo wa uhuru wa mwaka 1960, uliozaliwa Bruxelles wakati wa Meza ya Duara. Aliyepiga besi katika kundi lile alikuwa Brazzos, aliyetoka OK Jazz. Niliwauliza vijana wa kituo chetu kama wanamjua. Waliniangalia tu. Hata Marekani ni hivyo. James Jamerson alipiga besi katika nyimbo nyingi za kampuni ya Motown, nyimbo zilizozunguka dunia nzima, na kwa miaka mingi jina lake halikuandikwa kwenye sahani. Liliandikwa mwaka 1971, kwenye sahani ya Marvin Gaye.

Sasa nirudi Bwiza. Mwenye kabare anatupa bahasha ya faranga 120,000 kwa usiku mmoja. Tulikuwa tunagawa hivi: mwimbaji 30,000, solo 30,000, akompanyima 20,000, dramu 15,000, mwimbaji wa pili 15,000, besi 10,000. Sababu za kunipa kidogo zilikuwepo, sitaki kusema uongo. Mimi ni mdogo kuliko wote. Gitaa si langu, ni la kiongozi wa bendi, ambaye ndiye mwimbaji. Lakini mwaka mzima ulikuwa umepita, na nilikuwa nafika wa kwanza kufunga nyaya na kutoka wa mwisho kubeba bafle. Nilisema mara ya kwanza, wakacheka. Nikasema mara ya pili. Yule wa solo akanijibu, "Besi nani anaisikia, bana?"

Neno lile lilikaa rohoni. Jumamosi iliyofuata kabare ilikuwa imejaa. Umeme ulikuwa umekatika, tulikuwa kwa jenereta. Tuliingia kwenye sebene, watu wote wako wima, mikono juu. Nikaondoa mkono kwenye nyuzi. Sikuondoka jukwaani. Nilisimama tu na gitaa shingoni.

Kwanza hakuna aliyeelewa. Watu waliendelea kucheza kidogo, halafu nikaona viuno vinapoteza njia. Solo ilibaki juu peke yake kama nzi ndani ya chupa. Dramu ikaanza kukimbia, kwa sababu mpigaji hakuwa na pa kuegemea. Mwimbaji aligeuka, akaniangalia kwa macho makubwa. Watu wakaanza kurudi mezani. Labda ilikuwa dakika mbili. Kwangu zilikuwa tamu, sitaficha. Nilijiambia: leo mmenisikia.

Mwenye kabare hakutaka maelezo. Alisema tumemfukuzia wateja, akatoa nusu ya bahasha, 60,000. Tukagawa kwa kiasi kile kile. Mimi nikapata 5,000. Mpiga dramu akapata 7,500.

Hapa ndipo penye shida yangu. Ile Jumamosi mchana, tukifunga vyombo, mpiga dramu alikuwa ameniambia kwamba mtoto wake anaumwa, na ile 15,000 ya usiku ndiyo ya dawa. Nililijua. Sikulikumbuka nilipoondoa mkono, au nililikumbuka na nikalisukuma pembeni. Sijui lipi ni baya zaidi.

Tunakaa wote Buyenzi. Siku zile mafuta yalikuwa yameadimika mjini, hakuna taksi ya bei ya mtu kama sisi, basi tulirudi kwa miguu, mimi na yeye. Nilingoja anitukane. Tulitembea kimya muda mrefu. Tulipofika karibu na kwake akasema, "Mudogo, ulikuwa na haki. Lakini mimi ungeniambia."

Alisema hayo tu, akaingia ndani.

Jumatatu nilikuwa kituoni na vijana, kwenye kipindi cha kutatua migogoro. Mimi ndiye niliyewafundisha: ukiwa na lalamiko, lisema, usivunje. Kijana mmoja wa miaka kumi na tano akanyoosha mkono. "Kaka, ni kweli wewe ulizima muziki Bwiza?" Nikasema ni kweli. Akauliza, "Sasa hiyo ni kusema au ni kuvunja?"

Nimelifikiria swali la yule kijana kwa miezi. Nitaeleza nilikofika.

Naanza na haki. Naamini nilikuwa nayo. Mtu aliyesema mara mbili akachekwa hawezi kuambiwa aseme mara ya mia. Na kama watu wanadai kazi yako haisikiki, kuiacha kidogo ni njia ya kuwajibu kwa lugha wanayoielewa. Katika hilo sikudanganya mtu. Kimya changu kilisema kweli: bila besi hii, hamna muziki. Wazee wanasema usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Bendi yetu ilikuwa imesahau.

Lakini kuwa na haki hakujibu swali lingine: nani alilipa? Nilitaka kumsemesha mwimbaji na mpiga solo. Wao walipoteza 15,000 kila mmoja, wakaenda kulala wakiwa wameshiba. Aliyeumia ni mtu ambaye hakunicheka hata siku moja, na ambaye kazi yake inafanana na yangu. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na usiku ule mimi sikuwa nyasi. Nilikuwa tembo mdogo.

Hapo nikaona kwamba deni langu lilikuwa la aina mbili, na nilikuwa nimeyachanganya. Kwa wenye kunipunja, sikuwa na deni la kuendelea. Kwa wanaoniegemea, nilikuwa na deni, si la kuendelea milele, bali la kuwapa taarifa. Mpiga dramu hakusema "ungevumilia". Alisema "ungeniambia". Angejua, angekopa mahali mapema. Au angeondoa mikono pamoja na mimi, na mwenye kabare asingebaki na neno.

Kuna mtu atanipinga, na ana hoja nzuri. Atasema: ukitoa taarifa, mgomo umekufa. Wangemtafuta mpiga besi mwingine Ijumaa ile ile, Bujumbura haikosi. Mwenye nguvu ndogo hana silaha ila ghafla. Hoja hii siwezi kuitupa. Ninachoweza kujibu ni kwamba taarifa si lazima impe kila mtu. Kumficha anayekupunja ni jambo moja. Kumficha anayekuegemea ni jambo lingine. Mimi niliwaficha wote kwa sababu ilikuwa rahisi, na kwa sababu nilitaka utamu wa zile dakika mbili uwe wangu peke yangu.

Naandika haya kwenu mlio kambini kwa sababu nyinyi mnaishi na besi nyingi kuliko sisi wa mjini. Yuko mama anayezunguka kwenye nyumba kuuliza nani ana homa na nani anaharisha. Yuko mwalimu anayebaki na watoto arobaini baada ya saa kwisha. Yuko anayefagia vyoo kabla hamjaamka. Wengi wao hawapati mshahara, wanapata kile kinachoitwa motisha. Nimesikia watu kwenye foleni ya maji wakisema, "Hawa wanakula pesa ya bure." Na nimesikia, kwenye mikutano ya mashirika, ripoti ndefu zikisomwa ambamo kazi ya watu hawa ni namba moja kwenye jedwali: wahamasishaji kadhaa, nyumba kadhaa.

Ndugu wafanyakazi wa mashirika, nawaomba mniwie radhi kwa kusema wazi. Msingoje kimya. Mtu akilalamika mara ya kwanza, hiyo ndiyo bei nafuu ya kumsikia. Akinyamaza, bei inapanda, na mara nyingi hamtailipa nyinyi. Italipwa na mtoto ambaye homa yake haikuulizwa wiki ile.

Na nyinyi wenzangu mnaobeba kazi isiyoonekana, siwaambii mvumilie. Maneno ya "kujitolea ni moyo" nimeyasikia mengi, na mara nyingi yanatoka kwa mtu mwenye mshahara. Nawaambia jambo dogo tu: kabla ya kuondoa mkono, hesabu nani ameegemea hapo. Ukimjua, nenda kwake usiku wa kuamkia.

Mpiga dramu nilimrudishia zile 7,500 kwa Jumamosi mbili. Alikataa, nikaziacha kwa mke wake. Mtoto alipona, lakini hilo halinisafishi. Angeweza asipone, na mimi ningekuwa nimefanya kitendo kile kile.

Bendi ilikaa chini. Mpiga dramu ndiye aliyetoa wazo: kwenye mazoezi, kila wimbo tuupige mara moja bila chombo kimoja, kwa zamu. Tulipiga bila besi, bila akompanyima, bila dramu. Tulipopiga bila solo nami nilijifunza, maana ile sebene ilikuwa kama chakula bila chumvi. Leo besi inapata 15,000. Mwimbaji na solo walitoa 2,500 kila mmoja. Yule wa solo bado ananisalimia kwa baridi, na sijui kama walinipa kwa sababu walinisikia au kwa sababu wananiogopa. Nadhani nitajua siku nitakapoumwa na kukosa kuja: kama watauliza hali yangu kwanza, au watauliza gitaa liko wapi.

Mwezi uliopita nilipanda basi kwenda Bwagiriza kumwona mama. Anaamka kabla ya mwanga, anawasha moto, anaenda kwa jirani mzee asiyeweza kutembea, anampelekea maji. Miaka yote. Nilimuuliza, "Mama, siku ukichoka itakuwaje?"

Akasema, "Nitachoka, mimi si jiwe. Lakini yule mzee nitamwambia jana yake."

Yule kijana wa kituoni nilimjibu wiki iliyopita. Nilimwambia: kwa mwimbaji ilikuwa kusema, kwa mpiga dramu ilikuwa kuvunja, na mkono ulikuwa mmoja. Alifikiri kidogo, akasema jibu hilo halitoshi. Nadhani ana haki. Kama mmoja wenu analo bora zaidi, aliandike hapa toleo lijalo, nitamsomea.