Je, Fundi Amekosa Ikiwa Hakuna Aliyeumia?



Katika toleo hili tunataka tutafakari pamoja swali lililoletwa kwetu na vijana wanaojifunza ufundi wa stima. Swali lenyewe ni hili: fundi ametengeneza mashine ya mtu, mashine ikafanya kazi, mwenyewe akafurahi na akalipa. Lakini ndani ya kazi ile fundi aliacha jambo moja la usalama ambalo hakuna atakayeliona. Je, amemkosea mtu? Na ikiwa miaka itapita bila yeyote kuumia, amemkosea nani?

Huenda wengine watasema kwamba swali hili halituhusu. Mwaka 2025 mgao wa chakula ulipunguzwa sana hapa Kakuma na Kalobeyei, na wengi wetu tunafua kwa karai na mikono miwili. Mashine ya kufulia ni ya nani? Lakini zimeanza kuingia. Utaziona kwenye gesti, na kwa akina mama wawili watatu walioungana kufua nguo za watu kwa malipo. Karibu zote ni za mtumba, zilizoshushwa Mombasa. Na hata asiye na mashine ya kufulia ana pasi, au birika la stima, au friji kuukuu ya kuuzia soda. Tunalosema juu ya moja ni la zote.

Tueleze kwanza jambo lenyewe, ili tusibishane juu ya tusichokijua. Waya wa mashine ya kufulia ukiupasua utakuta nyaya tatu ndani. Mbili ndizo zinazoendesha mashine. Ya tatu, yenye rangi ya kijani na njano, ni waya wa ethi, nao hauendeshi kitu chochote. Ukiukata leo, mota itazunguka vilevile, maji yatapashwa moto vilevile, na nguo zitatoka safi vilevile. Kazi yake ni kungoja. Umefungwa kwenye bodi ya chuma ya mashine ili siku waya wa moto utakapochubuka na kuigusa bodi hiyo, au hita itakapopasuka ndani ya maji, stima ipate njia ya kukimbilia na fyuzi ikatike. Waya huo usipokuwepo, bodi inakaa na stima yake kimya, ikimngoja mtu aje kuigusa. Na anayeigusa mashine ya kufulia ni nani? Ni mama mwenye mikono iliyolowa, amesimama bila viatu kwenye sakafu yenye maji.

Wako wanaosema fyuzi itamwokoa. Fyuzi ya plagi zetu za Kenya kwa mashine kubwa ni ya ampea 13. Sehemu moja ya kumi ya ampea moja ikipita kifuani mwa mtu yatosha kumuua. Kwa hiyo mtu anaweza kufa na fyuzi ikabaki nzima, wala haikuharibika, kwa kuwa haikuwekwa kumlinda mtu. Iliwekwa kuulinda waya usiungue.

Sasa angalieni namna waya huu unavyopotea. Mashine za mtumba mara nyingi huja zimekatwa plagi, au zina plagi ya Ulaya ya vijiti viwili vya mviringo, ambayo ethi yake iko ubavuni. Soketi zetu zina matundu matatu. Kijiti cha juu cha plagi yetu ndicho cha ethi, na waliokibuni walikifanya kirefu kuliko vile vingine viwili kwa makusudi, ili kiingie kwanza na kufungua vifuniko vidogo vilivyo ndani ya soketi. Yaani moto hauwezi kuingia kabla mlinzi hajafika. Na sisi tunafanyaje? Twachukua njiti ya kibiriti au kalamu, twaichomeka tundu la juu, vifuniko vinafunguka, plagi ya vijiti viwili inaingia. Kila nyumba hapa inajua kufanya hivyo, hata watoto. (Tumeona hata kwenye kipaza sauti cha ibada, na wahusika wajijue.)

Basi fundi wetu analetewa mashine iliyokatwa plagi. Anafunga plagi ya vijiti viwili kwa kuwa ndiyo aliyo nayo, waya wa kijani anaukunja na kuufunga kwa gundi ya karatasi, anawasha, mashine inazunguka. Mteja anasema, Mungu akubariki.

Ukimuuliza atakupa majibu matatu, na si majibu ya mtu mwovu. Atasema kwanza kwamba aliitwa kutengeneza mashine isiyozunguka, na sasa inazunguka. Pili, mteja hana pesa za kuongeza. Tatu, hata angeufunga huo waya, stima yenyewe ni ya jenereta ya jirani, inakuja kwa nyaya mbili zilizopita juu ya paa za mabati, na ethi haiko popote. Jibu hili la tatu ni zito na tutalirudia. La pili nalo tunalijua wote. Lakini la kwanza ndilo lililotusumbua, kwa maana linadai kwamba kazi ya fundi inaishia pale jicho la mteja linapoishia.

Kiswahili chetu kina neno moja tunalolitumia kwa sufuria, kwa mashine na kwa jahazi: vyote ni vyombo. Neno hilo ndilo lililotukumbusha jirani zetu wa Koyama. Hao ni Wabajuni, watu wa visiwa vinavyopangana baharini kutoka Kismayo kushuka kusini hadi karibu na mpaka wa Kenya. Wao huswali msikitini na sisi tuna kanisa letu, lakini lugha yao na yetu ni ndugu, na jioni tunasikilizana vizuri. Kisiwani chombo kikubwa cha nyumba ni chombo cha bahari. Bila hicho hakuna samaki, wala njia ya kumfikisha mgonjwa bara.

Zamani Wabajuni na jirani zao wa Pate na Lamu waliunda mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari wa chuma, na tanga lake lilikuwa mkeka. Mbao zilitobolewa matundu, zikashonwa, kisha kila tundu likazibwa. Mtepe ulivuja sana, nao ulihitaji kufungwa upya kamba zake mara kwa mara. Kwa hiyo kutengeneza hakukuwa jambo la ajali bali sehemu ya kuwa na chombo. Mitepe ya kweli ilikwisha baharini katika karne iliyopita, lakini mashua zilizofuata nazo zina kazi ile ile: kalafati. Chombo hupwelezwa ufuoni maji yakiwa yamepwa, pamba hupigwa katikati ya mbao, na chini hupakwa deheni ya chokaa na mafuta.

Fundi anayepiga kalafati naye anafanya kazi isiyoonekana. Akiisha kupaka deheni, hakuna mwenye chombo atakayejua kama pamba imeingia barabara au imewekwa juujuu. Mbona basi kazi hiyo inafanywa kwa uaminifu? Tuliona jibu jepesi, kwamba kisiwa ni kidogo na fundi mwenyewe hupanda chombo hichohicho, au ndugu yake, au mume wa binti yake. Tena chombo kinachovuja hujisema. Maji yatamfikia mvuvi miguuni siku ya kwanza, na jioni fundi atasikia habari yake msikitini. Bahari ni mkaguzi asiyelala wala kupokea kitu kidogo.

Fundi wetu wa stima hana mkaguzi kama huyo. Hafui kwa mashine aliyoitengeneza. Na waya wa ethi uliokatwa haujisemi hata siku moja, mpaka siku ile. Ndiyo maana hatuwezi kusema kwamba fundi wa kisiwani ni mwema na wa kambini ni mbaya. Wa kisiwani amezungukwa na ukuta. Wa kambini amesimama wazi, na anaombwa peke yake awe kile ambacho kule bahari, ndugu na majirani walikuwa kwa pamoja.

Lakini iko habari nyingine ya visiwa vile ambayo jibu lile jepesi halitoshi kuieleza. Serikali ya Siad Barre ilianguka Januari 1991, na vita vikashuka pwani. Watu wa visiwani waliporwa na kufukuzwa, na wengi walikimbilia Kenya kwa njia ya bahari, wakakaa kwenye kambi za Mombasa hadi zilipofungwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Vyombo vilivyowabeba vilikuwa vya uvuvi. Vilikuwa vimepigwa kalafati kwa ajili ya safari fupi na watu wachache, kisha siku moja vikapakiwa akina mama, watoto na magodoro. Vyombo vingine vya wakimbizi wa miaka ile vilizama. Vingine vilifika.

Fundi aliyepiga pamba ile hakujua anampigia nani. Alimfanyia kazi mvuvi mmoja, akalipwa na mvuvi mmoja, pengine kwa samaki. Hakuna mapatano yaliyomtaja mtoto ambaye angekaa juu ya ubao ule siku ya kukimbia. Hata hivyo mtoto huyo alikuwa na haki katika kazi ile. Hapa ndipo tunapowajibu vijana wetu: kazi ya usalama haina mteja mmoja. Anayelipa ni mama mwenye mashine, lakini waya wa ethi ni wa yeyote atakayeigusa: mtoto wa jirani aliyeingia kuomba sabuni, au mtu atakayeinunua mashine hiyo miaka mitano ijayo bila kumjua fundi. Mwenye mashine hawezi kuwasamehe ada yao, maana si yake. Kwa hiyo hata akisema, fundi wee, acha tu, niunganishie ifue, ruhusa hiyo haimtoshi fundi.

Wasomaji wa Torati watakumbuka sheria iliyo katika Kumbukumbu la Torati 22:8, inayomtaka ajengaye nyumba mpya aweke ukingo darini, asije mtu akaanguka. Angalieni kwamba sheria ile haingojei mtu aanguke. Nyumba isiyo na ukingo imekwisha kuwa na kosa siku mwashi anaposhuka ngazi. Kwa hiyo swali la vijana, "amemkosea nani ikiwa hakuna aliyeumia," tunalijibu hivi: amewakosea wote waliopita pale wakidhani wako salama. Kwamba hawakuumia si kazi ya mikono yake.

Tusichanganye kosa hili na lile la bei, ambalo ndilo watu hulalamikia zaidi. Mashine isiyotoa maji mara nyingi ina kichujio kilichoziba tu, sarafu na kifungo cha shati na uzi. Ni kazi ya dakika tano. Mashine inayovuma bila kuzunguka huenda imekufa kapasita, kitu kidogo cha bei ndogo. Fundi akitoza ujuzi wake, hatuoni ubaya, kwa kuwa dakika tano zile alizisomea miaka. Akisema ameweka pampu mpya ilhali amezibua kichujio, huo ni wizi. Lakini pesa zaweza kurudishwa. Mwambie akuonyeshe kifaa cha zamani alichokitoa, na neno limekwisha.

Turudi sasa kwenye lile jibu la tatu, la jenereta isiyo na ethi. Hapa fundi anasema kweli, na hatuna haki ya kumtwika peke yake. Fito ya shaba iliyochomekwa kando ya nyumba haitoshi. Jenereta yenyewe lazima iunganishwe na ardhi kwa utaratibu wake, na iwekwe swichi ya usalama inayokata stima inapovuja. Tena mchanga huu wa Turkana ukikauka haupitishi stima vizuri, hivyo fito lazima ishuke chini sana na mahali pake pamwagiwe maji, hayahaya tunayoyapangia foleni kwa madumu. Gharama ni ya mwenye jenereta, naye anauza stima kwa nyumba nyingi. Nyumba hizo zikimwendea pamoja atasikiliza. Fundi akimwendea peke yake ataambiwa mafundi ni wengi.

Linalobaki mkononi mwa fundi ni ulimi wake. Anaweza kuufunga waya wa kijani mahali pake ndani ya mashine, hata kama huko nje haujapata pa kwenda. Na anaweza kumwambia mwenye mashine wazi kwamba chombo hiki kinafua lakini hakijawa salama, usikiguse kikiwa kimechomekwa, chomoa kwanza ndipo utoe nguo. Vijana wametuuliza, na mteja akienda kwa fundi mwingine? Ataenda. Miezi iliyopita mmoja wao alikataa kuunganisha mashine ya biashara ya kufua mpaka jenereta iwekwe ethi. Wenye mashine waliibeba kwa mkokoteni wakampelekea mwingine, na kesho yake ilikuwa inafua. Inafua hadi leo. Kijana yule alikosa malipo ya wiki nzima, na nyumbani kwao walilala kwa uji. Tulipomtembelea alikuwa akitengeneza pasi ya jirani, waya wa kijani ukiwa mdomoni mwake akiumenya kwa meno.