Yule Aliyemaliza Kazi

Watu walijaa uwanjani kumwona Satchel Paige. Alikuwa mrushaji wa Kansas City Monarchs, timu ya ligi za besiboli za Wamarekani Weusi, na jina lake pekee lilitosha kuuza tiketi. Mchezo una awamu tisa. Mara nyingi Paige alirusha tatu za kwanza, kisha akapumzika. Sita zilizobaki zilimwangukia Hilton Smith. Mipira yake iliyopinda hewani iliwasumbua wapigaji hodari, lakini sifa zilimwendea Paige.

Smith alifunikwa mara mbili: kwa umaarufu wa mwenzake, na kwa ubaguzi wa taifa lake. Kwa zaidi ya miaka 50 ligi kuu ziliwafungia nje wachezaji Weusi, bila hata kanuni iliyoandikwa. Jackie Robinson, aliyecheza pamoja na Smith mwaka 1945, alivuka kizuizi hicho mwaka 1947. Smith alikuwa tayari na umri wa miaka 40. Mwaka 1948 Paige alisajiliwa na Cleveland. Alifariki mwaka 1983, na jina lake likaingia katika Jumba la Wachezaji Mashuhuri, Cooperstown, mwaka 2001.

Je, kazi isiyosifiwa ni kazi iliyopotea? La. Kila awamu aliyoimaliza Smith ilikuwa na thamani yake siku ile ile. Kazi njema haingoji makofi ili iwe njema.

Hata hivyo, tuwe waangalifu, maana vifuniko hivyo viwili si sawa. Kumpisha mwenzako asifiwe ni unyenyekevu, nao mtu huukubali kwa hiari. Kufungiwa nje kwa sababu ya rangi ni dhuluma. Anayemwambia aliyedhulumiwa "ridhika" anatumia wema kuficha uovu. Heshima iliyokuja miaka 18 baada ya kifo ilisahihisha kumbukumbu, lakini haikumrudishia Smith hata awamu moja. Haki inadaiwa mtu angali hai.

Maswali ya kujadili:

1. Soma Yakobo 5:4. Ni nani miongoni mwenu humaliza kazi ambayo mwingine husifiwa kwayo? Mtamtambuaje wiki hii?

2. Ni wakati gani neno "vumilia" humfariji aliyeonewa, na ni wakati gani humlinda mwonevu?