Kitabu Kilichofichwa

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu aishiye Bunju huamka alfajiri, hupanda daladala hadi Mwenge, kisha nyingine hadi Mlimani, apate kusoma kitabu kimoja alichoagizwa na mwalimu wake. Afikapo maktabani, orodha yasema kitabu kipo, rafu yasema hakipo. Mwenzake amekificha miongoni mwa vitabu vya somo jingine, ili kesho akipate yeye peke yake.

Je, aliyeficha ni mwizi? Mlinzi wa mlangoni akimpekua hatamkuta na kitu. Naye atajitetea kwamba vitabu ni vichache, wasomaji ni wengi, na mtihani haumsubiri mtu.

Sisi twaona ameiba. Alichokiiba ni zamu ya mwenzake. Tena uchache alioufanya kinga ndio unaomhukumu: vitabu vingekuwa tele, kuficha kimoja kusingemdhuru yeyote.

Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa tarehe 9 Desemba, 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha. Maktaba mpya ya Mlimani, iliyofunguliwa mwaka 2018, ina nafasi ya vitabu 800,000. Lakini jengo, hata liwe kubwa namna gani, haliwezi kuturudishia kitabu kilichofichwa kwa ubinafsi.

Wahenga walisema, kizuri kula na nduguyo. Na elimu haipungui kwa kuliwa na wengi. Basi na tukirudishe kitabu mahali pake kabla ya kuondoka. Ndugu yetu wa Bunju yu njiani.