Mizani Nzima, Ushahidi Mbovu

Namba iliyopimwa kwa usahihi yaweza kupotosha kuliko namba ya kubuni, kwa sababu haina dosari ya kumshtua msomaji. Chukua lugha ya kuandikia programu iitwayo Python. Ukiiendesha kwa chaguo la -O, mkalimani wake huondoa kila mstari wa assert, yaani kila mahali mwandishi alipoitaka programu ijikague. Tuseme mfumo wa duka moja mjini Kitengela unategemea mstari kama huo kuhakikisha salio la mteja linatosha kabla ya kukatwa. Chini ya -O mstari haupo: mfumo unakata bila kuuliza. Ukipima, huenda ukaona nafuu kidogo ya kasi. Lakini unalinganisha kazi mbili tofauti, mojawapo ikiwa imeacha uangalifu wake.

Biblia na Qurani zote zimekemea mizani ya hila. Tatizo hapa ni gumu zaidi, maana mizani ni nzima. Katika mnada wa mifugo Kajiado, ng'ombe aliyetoka kunywa lita 30 hupanda mizani na kilo 30 za maji. Uzito ni wa kweli, anayepunjika ni mnunuzi asiyeambiwa. Kompyuta nayo mara nyingi hupunguza kasi ikitumia betri au ikipata joto. Hata timeit, kipima muda cha Python yenyewe, kwa kawaida husimamisha usafishaji wa kumbukumbu wakati wa kupima. Kwa hiyo tokeo ni ushahidi kuhusu programu pamoja na mazingira yake, na ushahidi uliofichiwa masharti ni batili.

Kuna atakayesema kwamba kila kipimo kikiwa na masharti, basi ukweli haupo. Sivyo: masharti yakitajwa, mwingine ataweza kurudia na kupinga. Python 3.11 ilipotolewa Oktoba 2022, watengenezaji wake waliilinganisha waziwazi na 3.10, wakataja majaribio waliyotumia, wastani wa nafuu wa asilimia 25, na kwamba kazi nyingine hupata 10 tu, nyingine 60. Atasema tena kwamba mteja anataka kasi, hajali mengine. Lakini mteja haoni kilichoondolewa, na asiyeweza kukagua ndiye mwenye haki kubwa zaidi ya kuambiwa. Anayetangaza kasi ana deni la kueleza imelipiwa nini.