JE, ULIMI WAKO NI MZITO?



Umepanda haisi kutoka Kahama kwenda Kakola. Kituo chako hicho kinakuja. Neno unalijua: "Shusha!" Lakini limegoma mdomoni. Sh... sh... sh... Konda hajasikia, gari limepita. Unashushwa mbele huko na unarudi kwa miguu juani, ukijifanya ndiko ulikokuwa unakwenda.

Au uko kwenye karasha. Kiroba cha mawe kimepotea na bosi anauliza. Wewe hujagusa kitu! Lakini kabla neno halijatoka, wenye midomo myepesi wamekwisha kukushitaki, na mgawo wako umekatwa.

Nyumbani walisema umerogwa. Ukapelekwa kwa mganga, ukachanjwa chale, kuku akachinjwa, na kigugumizi kikabaki palepale.

Rafiki, sikiliza. Katika watu wazima 100, karibu mmoja ana kigugumizi, na wanaume ni wengi kuliko wanawake. Mara nyingi hutembea katika ukoo. Si uchawi, wala si ujinga. Akili yako ni nzima, neno unalo. Shida iko kwenye kulitoa tu.

MUSA naye aliikataa kazi ya Mungu kwa sababu ya ulimi (Kutoka 4:10-16). Mungu hakumcheka! Alimpa Haruni, ndugu yake, awe msemaji wake. Wala hatusomi kwamba ulimi wake ulifunguliwa siku ile. Alikwenda kwa Farao vilevile. Miaka 40 baadaye, mzee huyohuyo alisimama mbele ya Israeli yote akasema maneno yanayojaza kitabu cha Kumbukumbu la Torati.

Mimi ninayekuandikia nina kigugumizi mpaka leo. Nimeombewa, na ninaamini Mungu anaponya! Lakini mhubiri mmoja aliwahi kunikemea "pepo" mbele ya umati, na niliposhindwa kutamka "Haleluya" akasema sina imani. Nilikaa miaka mitatu sijakanyaga mkutano. Kama na wewe ulifanyiwa hivyo, pole ndugu yangu. Yule hakuwa Yesu.

Siku hizi natangulia kusema: "Nina kigugumizi, nivumilie kidogo." Hapo kicheko kinakosa pa kuanzia. Neno likikwama silisukumi. Naachia pumzi, naanza tena taratibu. Mfalme George wa 6 wa Uingereza, ambaye Tanganyika nayo ilikuwa chini ya utawala wake, alikuwa na kigugumizi. Alifundishwa kupumua na kutua, na tarehe 3 Septemba 1939 aliwahutubia watu wake redioni kuhusu vita, polepole, akitua kila baada ya maneno machache. Wakamsubiri.

Sasa nije kwenye lile linalokurudisha nyuma. Mhubiri anapoita watu mbele, wewe unabaki kule kwenye pikipiki. Moyo unataka, miguu haitaki. Unaogopa kipaza sauti! Umesikia kwamba lazima kumkiri Bwana kwa kinywa (Warumi 10:9), ukajiuliza, nikikwama kwenye jina la Yesu itakuwaje?

Hana aliomba midomo ikitikisika tu, sauti haikusikika. Kuhani Eli akadhani amelewa. Mungu alisikia kila neno (1 Samweli 1:12-20). Zakaria alikuwa bubu, akaomba kibao akaandika (Luka 1:63). Na lipo jambo ambalo wenye kigugumizi wengi wanalijua: tukiimba, au tukisema pamoja na wengine kwa sauti moja, ulimi hufunguka. Sala ya toba husemwa hivyo hivyo, wote kwa pamoja!

Kwa hiyo leo jioni njoo. Na kama huwezi kungoja jioni, omba hapo ulipo, hata kwa kunong'ona:

"Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi. Nakuja kwako na ulimi wangu huu. Nisamehe, unioshe kwa damu yako, uandike jina langu katika kitabu cha uzima. Amina."

Ukikwama katikati, tua, kisha endelea. Baada ya mkutano wafuate wahudumu walio kando ya jukwaa. Watakuuliza jina. Najua jina la mtu ndilo gumu kuliko maneno yote, basi geuza karatasi hii, uliandike nyuma, uwape.