Cucu Ameanguka Mtihani?

Somo: Mwanzo 27:1-29; Isaya 46:4



Mwezi wa nne nilimpeleka cucu wangu hospitali. Ana miaka tisini na kitu. Mwaka aliozaliwa hatuujui, lakini anakumbuka akiwa msichana mdogo akibeba mboga kupeleka kile kiwanda cha kukausha mboga kilichokuwa hapa Karatina wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Jamaa walisema siku hizi anasahau sana. Na kwa kuwa mimi ni mchungaji na nilisoma biashara chuoni, kazi ikaniangukia.

Daktari alimuuliza leo ni tarehe ngapi. Akamwambia ahesabu kutoka 100 akirudi nyuma saba saba. Kisha akampa kalamu achore maumbo mawili ya pembe tano yanayokatana. Cucu hajawahi kuketi darasani hata siku moja. Alipata alama 11 kwa 30. Tukiwa kwa matatu akaniuliza polepole, "Nimeanguka mtihani?" Nikamwambia amefanya vizuri. Nilimdanganya.

Baadaye nilisoma kuhusu kipimo hicho. Kilitolewa Marekani mwaka 1975, na kinamfaa zaidi mtu aliyepitia shule. Cucu aliuza viazi sokoni miaka mingi bila kuandika deni hata moja, na hakuna aliyekula pesa yake. Kwa kipimo kile, hesabu hiyo yote haina alama. Ndiyo maana watafiti waliofanya kazi na wazee wa miaka 70 na zaidi wilayani Hai, kule Kilimanjaro, walitengeneza kipimo kingine. Mzee hutaja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, hujaribu kukumbuka orodha ya maneno, na badala ya kuchora hupanga njiti za kiberiti kufuata mfano. Hapo asiyejua kushika kalamu haonekani mjinga.

Lakini nisiwadanganye nyinyi kama nilivyomdanganya yeye. Jioni ile ile cucu aliuliza mara mbili kama guka amerudi na ng'ombe. Guka tulimzika zamani. Kwa hivyo kusahau kupo. Kipimo hakikumtosha vizuri, lakini hatukukosea kuwa na wasiwasi.

Shida ilikuja tulipokutana kama familia. Mmoja wetu aliomba ile karatasi ya alama ipelekwe kwa wakili, ionekane kwamba cucu hawezi tena kuamua mambo ya shamba. Mwingine akasema hapana, afadhali aweke kidole gumba sasa hivi, kabla hajasahau zaidi. Karatasi moja, watu wawili, na wote wanaangalia shamba. Hakuna aliyeuliza nani atakuwa akizima moto jikoni usiku.

Hapo nikakumbuka Isaka. Alikuwa mzee na macho yameisha, lakini hakuwa mjinga. Alisikiliza sauti akashuku. Akapapasa mikono. Akauliza mara ya pili. Akanusa nguo. Alitumia kila kipimo alichobaki nacho. Alishindwa kwa sababu mkewe na mwanawe walijua hasa ni wapi haoni, wakapitia hapo hapo. Wapendwa, ukijua udhaifu wa mzazi wako umeshika ufunguo wa nyumba yake. Swali ni unafungua mlango ili uingize chakula, ama utoe vitu.

Kwa hivyo, je, ni halali kupima akili ya mzazi? Mimi nasema ndiyo. Kunyamaza eti tusimwaibishe si heshima, maana dawa atakunywa mara mbili na pesa za simu zitaisha mikononi mwa matapeli. Chuoni tulifundishwa kwamba usichokipima huwezi kukisimamia. Lakini duka linapimwa kwa faida ya mwenye duka. Mzee naye akipimwa, faida iwe yake. Kwa Isaya Mungu anaahidi kuwabeba watu wake mpaka wakiwa na mvi. Hakuweka alama ya kupita. Anayepima awe tayari kubeba atakachokikuta.

Kama una mzee nyumbani, fanya hivi. Mweleze kwanza na umwombe ruhusa. Hakikisha anaulizwa kwa lugha yake, na kwamba anasikia na kuona vizuri. Mwombe daktari atafute yanayotibika, maana huzuni, maambukizi, upungufu wa vitamini B12, ugonjwa wa tezi ya shingo, hata dawa zenyewe, huweza kumfanya mtu asahau. Na alama za hospitali zisigeuzwe kuwa hati ya shamba. Kifungu cha 57 cha Katiba yetu kinawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na mtu akishindwa kabisa kusimamia mali yake, wa kuamua nani amsimamie ni mahakama, si kikao cha jikoni.

Sisi tulikubaliana cucu asiweke kidole kwa karatasi yoyote. Binamu yangu sasa analala kwake na ndiye anayempa dawa. Mimi nilirudi nikamwomba msamaha. Nikamwambia, "Cucu, haukuwa mtihani. Tulitaka kujua tukusaidie wapi." Akacheka. Kisha akaniwekea mkono kichwani anibariki, akaniita kwa jina la baba yangu.

Yakobo alipoulizwa yeye ni nani, alidanganya ili apate baraka. Mimi nikasema, "Cucu, ni mimi, mtoto wake." Akasema, "Haya, hata wewe," na akaendelea kuomba.

Tuombe: Bwana, tupe mikono safi mbele ya wazee wetu, hata pale wasipotuona na wasipotukumbuka. Amina.

Swali la ushirika wa nyumbani: Ni nini unachokijua kuhusu udhaifu wa mzazi wako, na umekitumia kwa faida ya nani?